Ukurasa Ulioliwa

Kitabu kilinifikia kimekwisha kumilikiwa:
jina la mtu ndani ya jalada, wino wa buluu,
duara la kikombe cha chai juu ya picha ya kabati.
Nilikinunua Langoni kwa Lali Shekuwe,
auzaye vitabu vikuukuu na betri za redio,
kwa bei ya ratili ya nyama.
Mama aliuliza nyama iko wapi.

Humo ndani karakana ya nyumbani ni chumba kizima,
misumeno imetundikwa ukutani kwa kimo kama watoto wa gwaride.
Yangu ni pembe ya kiwanda, baina ya birika na kamba ya nguo.
Meza ni mlango wa zamani wa choo
uliolazwa juu ya mapipa mawili.
Nina randa moja, patasi tatu,
keekee ya marehemu babu, uta wake umefungwa kwa mshipi wa kuvulia,
na msumeno unaokwenda kushoto hata ukiuambia kulia.

Kitabu kinasema: chukua mwaloni.
Mimi nina ubao wa mbambakofi
ulioletwa na punda kutoka gatini,
ukakwama kwenye kona ya kichochoro,
ukakwaruza chokaa ya nyumba mbili,
nikatukanwa kutoka madirisha manne.
Kitabu kinasema: pima inchi saba na robo tatu.
Futi yangu imekatika inchi nne za mwanzo;
kila hesabu naianzia tano,
na mara mbili nimesahau.
Mchana nafundisha hesabu darasa la saba.
Usiku ubao unanisahihishia.

Nataka marfaa.
Ubao mmoja, upasuliwe ndani ya unene wake,
ufunguke kama viganja vya mwomba dua,
bila msumari, bila bawaba, bila gundi,
meno ya mti yameshika meno ya mti.
Mama husomea msahafu juu ya mto.
Mto unazama, shingo inafuata.
Hasemi. Namwona tu akijisugua
kila anapofunga juzuu.

Kwenye faharasa imo: ukurasa wa mia na kumi na mbili.
Nikafungua. Mchwa walitangulia.
Walianza na kichwa cha somo,
wakapita katikati ya mchoro bila kupiga hodi,
wakaniachia namba ya ukurasa
na sentensi moja chini, nzima, safi:
Sasa geuza ubao, urudie.

Nilicheka hadi paka akahama.
Kugeuza nini? Kurudia lipi?
Lakini siwalaumu. Karatasi ni mti pia,
wao hawakudanganywa na herufi.

Kwa jirani, Mwana Esha Famau,
marfaa moja iliyovunjika
ilikuwa imeegeshwa kwenye mlango wa banda la kuku.
Niliiomba. Akanipa, na mavi yake.
Nikaiosha, nikakaa nayo chini ya taa,
nikaingiza kidole palipokatika.
Kumbe nzima ingenificha.
Kiungo kizima ni mdomo uliofumbwa;
hiki kilikuwa wazi, kila jino na mahali pake,
na alama ya tindo ya fundi nisiyemjua,
aliyeteleza mara moja, hapa, akaendelea.
Nilipima kwa wanda, si kwa futi.
Nikagundisha karatasi mpya juu ya tundu la mchwa,
nikachora upya ukurasa, penseli,
mkono wangu wa ubaoni shuleni.

Ya kwanza iliinama kushoto. Msumeno ule.
Ya pili ilifunguka kwa mlio,
kama mtu anayenyoosha magoti.
Mama aliifungua, akaifunga, akaifungua.
"Ina kelele," akasema, na akaiweka msahafu.

Kisha, bila kuinua macho:
"Ile iliyopinda usiitupe, Barke.
Na kitabu chako kina shingo."

Basi kiko pale, juu ya mlango wa choo,
kimefunguka kwenye mia na kumi na mbili,
kinateleza kidogo kidogo kuelekea kushoto,
nami kila baada ya kukata mara tatu
nakisukuma kwa kiwiko.